Swali Aliloulizwa Dada

Nilitengeneza mizani kwa miaka thelathini na minane: za maduka, za maghala, za kupimia watoto kliniki, na zile ndogo za dawa ambazo ukizipumulia tu zinakudanganya. Kazi hiyo niliifanya mchana. Jioni nilisoma. Shule ya jioni nilikaa miaka sita, nikamaliza kidato cha nne nikiwa na miaka ishirini na saba, na kamusi ya Kiingereza niliyoinunua wakati ule ninayo hadi leo, imegandishwa kwa gundi mara tatu. Ndiyo sababu kule darasani waliniita Kamusi. Sikuchukia. Kuna watu wamepewa majina mabaya zaidi kwa sababu ndogo zaidi.

Darasa lenyewe lilikuwa la Kiingereza cha kuzungumza, la watu wazima, kwenye chumba cha juu cha maktaba, kila Jumatano na Jumamosi saa kumi. Nilijiunga kwa sababu kusoma nilisoma na kuandika niliandika, lakini nikifungua mdomo maneno yalitoka moja moja kama watu wanaoshuka ngazi isiyo na taa. Dada yangu alijiunga kwa sababu zake.

Dada amenizidi miaka mitano. Alifanya kazi ya kufua katika hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mumewe alifariki zamani, mke wangu alifariki miaka minne iliyopita, watoto kila mmoja na kwake, tukaona ni ujinga wazee wawili kuwasha majiko mawili. Akahamia kwangu na masanduku mawili na pasi yake ya zamani ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa.

Siku aliposema naye anataka kwenda darasani, nilicheka. Nakiri.

"Kiingereza cha nini, Dada, umri huu?"

"Umri huu ndio umenibakia," akasema. "Sikiliza, mdogo wangu. Tangu tuzaliwe wewe ndiye unayejibu. Naumwa mimi, daktari ananiuliza mimi, unajibu wewe. Ofisi ya ardhi, unajibu wewe. Hata yule kijana wa sensa aliponiuliza umri, ukamtajia wewe, tena ukakosea. Na kule hospitali, miaka thelathini na mmoja wakubwa wanaongea Kiingereza chao juu ya kichwa changu kama vile mimi ni kabati. Nataka mara moja tu kabla sijafa niulizwe kitu kwa hicho hicho Kiingereza, nijibu mwenyewe."

"Kwani ulizaliwa mwaka gani?"

"Ona sasa! Sikwambii."

Mwalimu wetu alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Siku ya kwanza alitukataza kuandika. Alisema kila mmoja wetu atatengeneza hadithi ya dakika tatu kutoka katika maisha yake: sauti yake mwenyewe, na picha juu yake, zote ndani ya simu. Kwanza utaihadithia kwa mdomo mezani, mara tatu, kwa wasikilizaji tofauti. Kisha utairekodi. Kisha utapanga picha. Kuandika kutakuja mwisho au kusije kabisa.

"Hadithi ni yako, kwa hiyo unajua inakokwenda," alisema. "Maneno mtayakuta njiani."

Hadithi zikikamilika, zingetumwa kwa darasa jingine la watu wazima katika nchi ya mbali, watu ambao nao Kiingereza si lugha yao. Wao wangetazama zetu, sisi zao. Na Jumamosi ya mwisho tungekutana nao kwa skrini, kila mmoja aulizwe maswali kuhusu hadithi yake.

"Kuhadithia mtajiandaa," Mwalimu alisema. "Kuulizwa hakuna kujiandaa. Mtu akikuuliza ukamjibu, basi unazungumza."

Nilimtazama Dada. Alikuwa amekaa wima kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mimi sikuyapenda mambo yale. Niliyaona ni ya chekechea. Hata hivyo nilitengeneza yangu, historia ya vipimo vya uzito tangu zamani hadi leo, kurasa nne, nikaisoma bila kosa. Nilipomaliza, Kinyozi, mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa na duka lake nyuma ya maktaba, akanyoosha mkono.

"Shikamoo, Mzee Kamusi. Hiyo ni hadithi au ni katiba?"

Wakacheka. Mwalimu akasema tumpe Mama nafasi.

Dada hakuwa na karatasi. Alisimama, akashika ukingo wa meza, akaanza kwa Kiingereza ambacho nitakiandika hapa kwa Kiswahili jinsi kilivyosikika.

"Mimi kazi hospitali. Kufua. Shuka, shuka, shuka, kila siku mlima wa shuka. Damu, maji baridi! Maji moto hapana. Maji moto, damu inakaa, haitoki mpaka kufa. Jioni mimi kwenda kazi, ndugu yangu kwenda shule. Shati lake moja. Mimi kupiga pasi, yeye kuvaa, kwaheri. Siku moja mimi kufungua shuka." Akafungua mikono. "Meno!"

Akaonyesha kwa vidole meno ya bandia yakiuma ukingo wa meza.

"Meno ya nani? Mimi wodi ya kwanza. Babu, fungua mdomo. Babu ana meno. Wodi ya pili. Bibi, fungua. Hana meno! Lakini haya makubwa, hayaingii. Wodi zote, fungua, fungua, fungua. Hakuna. Kesho, matroni. Matroni kila siku kelele. Leo kimya. Anaandika karatasi tu, anapa watu. Mimi naangalia matroni. Matroni anaangalia mimi. Mimi polepole... mfukoni..."

Kinyozi alikuwa amelala juu ya meza. Mwalimu alivua miwani akafuta macho.

"Matroni anaingia stoo. Anatoka. Meno ndani. Neno la kwanza, anasema: 'Kwa nini umeacha kazi yako?' Lakini kila Ijumaa, sabuni moja. Bure. Mpaka anastaafu."

Mwalimu akamuuliza kwa Kiingereza kama matroni alikuwa mnene.

"Mnene!" akajibu Dada papo hapo. "Mlango unamwogopa!"

Darasa zima lilivunjika mbavu. Mimi nilikuwa nahesabu makosa. Nilifika arobaini na moja.

Nikajiambia kwamba kilichonikera ni makosa. Leo najua kwamba katika yale yote, kilichonichoma ni lile shati. Kwamba watu kumi waliokuwa wananiita Kamusi walisikia ni nani aliyelipiga pasi.

Tulipofika nyumbani nilikaa naye mezani, kamusi mbele yangu.

"Dada, hii haiwezi kwenda nje namna hii."

"Ina nini?"

"Mambo ya meno. Watu wa ng'ambo watatuonaje?"

"Kwani wao hawana meno?"

"Wanayo. Lakini hapa tunatoa picha ya nchi."

"Mimi sikupiga picha ya nchi. Nimepiga ya pasi."

Nilimweleza kwa upole. Nilimwambia kwamba wale watu wataisikia mara moja tu, wataondoka wakijua kwamba sisi ndivyo tunavyosema. Nilimwambia kwamba alichofanya hospitalini kilikuwa kitu kikubwa, kwamba bila mfuaji daktari hana anachoweza kufanya, na kwamba jambo kubwa linataka maneno yanayolistahili. Haya niliyaamini. Alinisikiliza huku akikunja kitambaa cha meza, akikikunjua, akikikunja tena.

"Haya," akasema mwishowe. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nililichukua neno lile kama ruhusa.

Niliandika kwa siku mbili. Meno niliyatoa. Matroni nilimtoa. Damu niliita madoa. Nikaipa hadithi kichwa, "Mchango wa Dobi katika Afya ya Mgonjwa". Shati nalo sikuliacha lilivyo. Niliandika kwamba katika miaka hiyo mdogo wangu alikuwa akijiendeleza kielimu, jambo lililonipa faraja. Yaani lililompa yeye faraja. Nilikuwa nikiandika "mimi" kwa niaba yake, wala sikuona ajabu.

Tulirekodi chumbani kwake, blanketi dirishani kuzuia kelele za barabara. Mara kumi na nne. Akikosea neno, tunaanza upya. Alipofika mara ya kumi aliniuliza maana ya lile neno la Kiingereza nililoliweka kwa "mchango", nikamwambia asihangaike na maana, ashike matamshi. Mara ya kumi na nne aliipitia yote bila kosa, kwa sauti ya mtu anayesoma namba za mita ya umeme.

Kisha nikaanza kusafisha. Kwenye ile programu ya simu sauti inaonekana kama mstari wenye vilima na mabonde: vilima ni maneno, mabonde ni kimya. Unaweza kulikata bonde kwa kidole. Nilikata pumzi zake, nikakata "eee" zake, nikakata mahali alipomeza mate. Nilikata mabonde yote. Ikabaki dakika mbili na sekunde kumi, imenyooka kama rula, na nilijivunia.

Mwalimu aliisikiliza kwa spika za masikioni, akimtazama Dada, si mimi.

"Mama, hii unaipenda?"

"Anaipenda sana," nikasema.

"Nimemuuliza Mama, Mzee."

Dada alitabasamu kidogo. "Mdogo wangu kaisafisha. Imetakata."

"Imetakata," Mwalimu akasema polepole. "Mama, ile ya meno ninayo. Niliirekodi siku ile. Ukitaka tutume ile."

Dada akanigeukia. Na mimi nikatikisa kichwa kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona.

"Hii ya leo," akasema.

Wiki mbili baadaye zikaja hadithi za wenzetu. Nyingi sikuzishika, lafudhi ngumu. Lakini moja ilikuwa ya mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe fupi na mikono mikubwa, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha mikate. Kwa Kiingereza kibovu kabisa alieleza jinsi alivyosinzia zamu ya alfajiri, mikate mia mbili ikaungua, akaificha kwenye pipa la maji, ikaelea. Dada alicheka hadi akashika ubavu.

"Yule ni mwenzangu," akaniambia sikioni. Kisha akamwita Mwalimu. "Siku ile, mimi nataka yule aniulize."

Mwalimu akaliandika.

Siku zilizobaki Dada alijiandaa kwa namna yake. Alikuwa akikata mboga, anajiuliza swali kwa Kiingereza, anajijibu. Anafagia, anajiuliza, anajijibu. Nilisikia kupitia ukuta: "Wewe hufua? Ndiyo, mimi hufua. Wewe umechoka? Hapana, mimi sijachoka, wewe umechoka!" na kicheko. Nilitaka kwenda kumsahihisha. Mara mbili nilikwenda.

Jumamosi ya mwisho tulikaa wote mbele ya ukuta mweupe, na wenzetu wakatokea pale, wakubwa kuliko sisi, wenye masweta, wakipunga mikono. Mmoja mmoja aliitwa akae kiti cha mbele penye kipaza sauti. Mimi niliulizwa maswali mawili, nikayajibu vizuri. Dereva mmoja wa lori alijibu vibaya, wakaelewana sana.

Zamu ya Dada ilipofika aliniambia, "Njoo ukae karibu, usiniache." Sitaficha kwamba alisema hivyo. Lakini kukaa karibu ni kitu kimoja, kujibu ni kingine.

Yule mwanamke wa mikate akatokea, uso mzima wa ukuta. Akasalimia. Akauliza, polepole, kama mashine ya kufulia ilikuwa kubwa.

"Kubwa," akasema Dada. "Kubwa kama gari!"

Mwanamke akacheka, akamtafsiria mwenzake wa pembeni, naye akacheka. Mgongo wa Dada ukanyooka. Nyuma yangu Kinyozi akanong'ona, "Mama yetu huyo!"

Mwanamke akasogea karibu na kamera. Alitafuta maneno, akayapanga, akauliza swali la pili. Aliuliza hivi: "Ndugu yako, yeye kwenda shule. Wewe? Wewe hukutaka shule?"

Dada akanyamaza.

Katika kazi yangu kuna kitu cha kwanza kabisa unachofundishwa, kabla hujashika bisibisi. Ukiweka mzigo kwenye sahani, mshale unacheza. Unakwenda huku, unarudi kule. Usisome. Ngoja utulie. Anayesoma mshale ukiwa bado unacheza anaandika uongo, na mizani haina kosa. Nimewafundisha hivyo mafundi saba. Mmoja nilimpiga kofi kwa ajili hiyo.

Sikungoja. Niliona watu wa ukutani wanatutazama, niliona kimya, nikaona aibu inakuja, nikainamia kipaza sauti.

"Hapana," nikasema kwa Kiingereza safi. "Yeye aliridhika. Alifurahi kunisaidia mimi nisome."

Sarufi haikuwa na doa. Yule mwanamke aliniangalia, akamwangalia Dada, akaniangalia tena. "Asante," akasema. Aliniambia mimi. Akaitwa mtu mwingine.

Dada alikuwa ameelewa kila neno. Hapo ndipo nilipogundua jinsi Kiingereza chake kilivyokuwa kimekua, kwa jinsi shingo yake ilivyokaa. Alirudi kiti cha nyuma, akakaa mpaka mwisho, akawapigia wenzake makofi wote.

Kwenye ngazi Kinyozi akamwambia, "Mama, leo umetuwakilisha!"

"Kamusi ndiye aliyewakilisha," akasema, akateremka akishika ukuta.

Nyumbani alipakua chakula, tukala. Alipokuwa anaosha vyombo nikashindwa kuvumilia.

"Ulikuwa umekwama, Dada. Nilikuokoa."

"Nilikuwa nimekwama?"

"Ulinyamaza."

"Nilikuwa natafuta neno."

"Neno gani?"

Akafungua bomba kwa nguvu, akaendelea na vyombo.

Jumatano iliyofuata nilivaa, nikamkuta anakunja shuka. Nikamwambia tutachelewa.

"Nenda," akasema. "Kiingereza mimi nimeshakisikia kinavyosemwa."

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Nilimletea vitumbua, nikamletea betri za redio. Alivipokea vyote, akashukuru, tukacheka mambo mengine kama kawaida. Dada si mtu wa kununa. Darasani hakurudi. Nilijibiwa na kila mtu aliyeniuliza habari zake kabla sijamaliza kujibu mimi: Kinyozi alisema, "Tunajua, Mzee, tunajua," akaendelea kunoa wembe wake.

Mwisho wa muhula Mwalimu aliniita nibaki. Alifungua kompyuta.

"Mzee, kikao kile kilirekodiwa. Sikukuitia lawama. Ila nadhani ni haki yako uone."

Akasogeza hadi mahali penyewe. Nikamwona Dada kwa mbele, jinsi ambavyo sikuweza kumwona siku ile kwa kuwa nilikaa ubavuni. Swali linaulizwa. Dada anatazama chini, anatazama juu. Anavuta pumzi. Mkono wake wa kulia unaanza kuinuka kutoka mezani, vile anavyouinua akitaka kueleza jambo, na mdomo unafunguka. Hapo kichwa changu kinaingia kwenye picha, kikubwa, kinamfunika.

"Sekunde nne," Mwalimu akasema. "Mimi darasani nangoja kumi. Chuoni walitufundisha hivyo. Ni ndefu mno, unatamani ardhi ikumeze. Lakini ndiyo muda mtu anaohitaji."

Nikamwomba arudishe. Akarudisha. Nilitaka kusoma midomo yake, neno lipi lilikuwa linatoka. Midomo ya mtu anayesema ndiyo na ya anayesema hapana haifanani, katika lugha yoyote. Tulirudia mara nyingi. Haikusomeka. Kichwa changu kilikuwa kimewahi.

Nikamwomba pia anisikilizishe ile ya kwanza, ya meno. Makosa arobaini na moja yote yalikuwepo, na vishindo vya meza, na Kinyozi akigaragara. Niliisikiliza mpaka mwisho, sikukosa kuelewa hata mahali pamoja.

"Tuitume kwa yule mama wa mikate," nikasema. "Na maelezo kwamba yule aliyejibu hakuwa yeye."

"Ni ya Mama, Mzee. Muulize."

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimepiga moyo konde. Dada alikuwa anapiga pasi.

"Dada, Mwalimu anauliza kama..."

"Mwalimu anauliza, au unauliza wewe?"

"Nauliza mimi. Ile hadithi yako ya meno. Itumwe kwa yule mama?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa ya siku ile. Sasa nitakuwa najieleza, na mimi sikukosa kitu."

Pasi ikaenda, ikarudi. Nilikuwa na swali jingine, na nilisimama nalo pale mlangoni kama mtoto aliyetumwa akasahau. Miaka hamsini tumekaa, kula pamoja, kuzika pamoja, sikuwahi kumuuliza. Mwanamke wa ng'ambo, aliyemfahamu kwa dakika mbili, ndiye aliyeuliza.

"Dada. Ulitaka kusoma?"

Aliinua pasi, akaisimamisha wima, akanitazama bila ubaya wowote.

"Ulishajibu," akasema. Akageuza shati, akaendelea na mgongo wake.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini mwezi wa tatu alihamia jirani, muuguzi mgeni wa makamo, asiyejua Kiswahili zaidi ya habari na asante. Ua wetu ni mmoja na kamba ya nguo ni moja. Siku moja narudi kutoka kunyolewa, kabla sijazunguka kona ya tangi la maji, nasikia sauti ya Dada, kwa Kiingereza.

"Wodi ya pili! Bibi, fungua! Hana meno, lakini haya hayaingii!"

Na mwanamke mwingine anacheka hadi anakohoa. Kisha yule muuguzi anauliza hili, Dada anajibu. Anauliza lile, Dada anajibu. Anatafuta neno, anangojewa, analipata au halipati, anaruka na jingine. Maswali matano, sita, sikuweza kuhesabu. Furaha ilinipanda, nikaharakisha.

Nilipotokea, akanyamaza.

"Umerudi," akaniambia kwa Kiswahili. "Chakula kipo jikoni." Akabeba beseni lake akaingia ndani. Nikabaki na muuguzi, tukazungumza Kiingereza kizuri kuhusu mvua.

Tangu hapo nimejua. Kila alasiri wanazungumza pale kambani, na kila nikitokea, yeye anakumbuka kazi ya ndani. Hanifanyii makusudi. Ni kama mtu anayekunja mguu ulioumia, bila kufikiri. Nimejaribu kukohoa, nimejaribu kujifanya sisikii, nimejaribu kupita haraka nikitazama chini. Ni yale yale. Kwa hiyo sasa nikirudi nasimama kwanza nyuma ya tangi.

Juzi nilisimama hapo. Walikuwa wanaanua nguo. Nilisikia vibanio vikidondoka kwenye kopo kimoja kimoja. Muuguzi akamuuliza, "Huyu ndugu yako, ni mtu wa namna gani?"

Dada akanyamaza. Nilikijua kimya kile. Alikuwa anatafuta neno.

Nikaondoka. Sitajidai kwamba niliondoka kwa heshima, ili nimwachie nafasi yake. Niliogopa. Nilirudi njia niliyotoka hadi kwa Kinyozi, ambaye alikuwa amenichonga ndevu nusu saa tu kabla.

"Mzee Kamusi! Umesahau nini?"

Nikamwambia sijasahau kitu, nataka kukaa kidogo. Akapangusa nywele za mteja kwenye kiti, akakigeuza, nikakaa.